Je, inafaa kulipa kiingilio kuwaona vipepeo waliofungiwa ndani ya kioo?

SWALI: Msomaji wetu wa Njiro, Arusha, ameandika hivi: "Mwezi wa pili mwakani mimi na watoto wangu wawili, wa miaka 6 na 11, tutakwenda New York kumtembelea dada yangu. Amepanga kutupeleka kwenye chumba cha vipepeo wa nchi za joto kilichomo ndani ya jumba la makumbusho, na tiketi zake zinalipiwa. Mume wangu anasema huko ni kupoteza fedha, kwa kuwa vipepeo wamejaa bustanini kwetu. Mdogo naye anaogopa, kwani bibi yake alimwambia kwamba unga wa kipepeo ukiingia machoni unapofusha. Naomba ushauri: twende au tusiende? Tukienda, tufanyeje ili watoto wajifunze kitu? Pia nimesikia kwamba baadhi ya vipepeo hao hutoka Tanga. Ni kweli?"

JIBU: Salamu nyingi kutoka Moshi, dada. Nendeni. Mkiweza kuchagua siku na saa ya kuingia kama nitakavyoeleza hapa chini, watoto wataona ndani ya saa moja mambo ambayo mimi, katika kazi yangu ya kufuatilia wadudu kwenye misitu ya Kilimanjaro na Meru, huyaona kwa kubahatisha tu. Hata hivyo mume wako ana hoja ambayo sitaipuuza, kwa sababu bustani yenu ya Njiro ina sehemu ya maisha ya kipepeo ambayo chumba kile hakina. Ndiyo maana nitakushauri muanze na bustani kabla ya safari, kisha muingie New York mkiwa mnajua mnachokitafuta.

Kwanza nieleze chumba chenyewe ni kitu gani. Wewe wa Arusha umekwishaviona vitalu nyumba vya maua upande wa Tengeru na Usa River. Kanuni ni ile ile ya kufungia joto na unyevunyevu ndani, isipokuwa katika nchi yenye baridi kali joto la jua halitoshi, hivyo huwekwa mitambo ya kupasha hewa na mingine ya kunyunyiza maji membamba kama ukungu. Kwa kawaida joto hushikiliwa kati ya nyuzi 24 na 30 za Selsiasi, na unyevunyevu wa hewa kati ya asilimia 60 na 80, hata kama nje theluji inaanguka. Mtindo huu wa kuwaonyesha vipepeo hai wakiruka huru katikati ya watu haujakaa miaka mingi. Jumba la vipepeo la Syon Park, London, lilifunguliwa mwaka 1981 na kufungwa mwaka 2007. Lile la Stratford-upon-Avon lilifunguliwa mwaka 1985. Na Butterfly World ya Florida ilifuata mwaka 1988. Chumba ambacho bila shaka dada yako amekikusudia, cha American Museum of Natural History, kilianza mwaka 1998 kama onyesho la msimu, na tangu mwaka 2023 kina makao ya kudumu katika jengo jipya la Gilder Center.

Sasa swali lako la Tanga, ambalo nalijibu kwa kirefu kwa sababu linatuhusu. Vipepeo wengi unaowaona katika vyumba hivyo hawazaliwi humo. Kipepeo wa kawaida wa nchi za joto, akishapata mabawa, huishi wiki mbili au tatu hivi, kwa hiyo mwenye onyesho asiyetaka chumba chake kiwe kitupu hulazimika kupokea wageni wapya karibu kila wiki. Kinachowezesha jambo hilo ni hatua ya pupa, ambayo mwanao wa darasa la tano au la sita atakuwa ameisoma katika somo la sayansi: yai, kiwavi, pupa, kisha kipepeo kamili. Pupa hali, hanywi wala hatembei, na kwa aina nyingi za ukanda wetu hukaa hivyo kwa muda wa siku kumi hadi wiki mbili au zaidi. Huo ndio muda wa kumsafirisha. Hufungwa kwa pamba ndani ya sanduku, hupandishwa ndege, na anatakiwa afike kabla hajaanza kupasuka. Masanduku yanayofika Marekani hutoka Costa Rica, Ekwado, Malaysia, Ufilipino na nchi nyingine zenye joto, Kenya ikiwemo.

Kwa upande wetu, ni kweli kabisa kwamba Tanga ilikuwa na nafasi yake katika biashara hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianzishwa mradi wa vipepeo wa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, kwa msaada wa shirika la kuhifadhi misitu liitwalo Tanzania Forest Conservation Group. Wanakijiji, wanawake kwa wanaume, walijenga mabanda ya neti, wakapanda ndani yake mimea ambayo viwavi wa kila aina hula, wakaweka vipepeo wazazi watage, na pupa waliopatikana wakauzwa kwa maonyesho ya Ulaya na Marekani. Sehemu ya mapato iliingia katika mifuko ya maendeleo ya vijiji. Ubora wa mpango huo, kwa macho ya mtu anayejali misitu, ulikuwa katika jambo moja: mkulima anahitaji msitu wa asili ubaki umesimama karibu naye, kwa kuwa mbegu za mimea na vipepeo wazazi hutoka humo. Wenzetu wa Kenya walitangulia; mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993 huko Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kwa mpango unaofanana na huo.

Mwezi Mei mwaka 2016 Serikali yetu ilitangaza kusimamisha kwa miaka mitatu usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, na vipepeo nao wakaingizwa humo. Naielewa hasira iliyokuwapo, kwani sisi wa kanda hii hatujasahau kwamba mwaka 2010 twiga na wanyama wengine hai walitoroshwa kwa ndege kupitia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA. Lakini pupa aliyelelewa bandani na mkulima, kutoka yai lililotagwa bandani, ni mazao ya ufugaji, na naamini kwa dhati kwamba hakustahili kuwekwa kundi moja na twiga aliyenaswa porini. Kaya za Amani zilizokuwa zimepanda mimea na kujifunza kazi hiyo kwa miaka zilipoteza soko lao mara moja. Kwa hiyo, dada, mkimwona New York kipepeo wa Afrika Mashariki, uwezekano mkubwa ni kwamba alikulia Kenya. Muulizeni mhudumu, wafanyakazi wa vyumba hivi hufurahi kuulizwa, na mara nyingi wanajua hata shamba alikotoka.

Nageukia hoja ya mume wako. Kitu ambacho kwa kawaida hamtakikuta katika onyesho la Marekani ni mayai na viwavi. Sababu yake ni ya kisheria: Idara ya Kilimo ya nchi hiyo hutoa vibali kwa aina maalumu za vipepeo wa kigeni kwa masharti kwamba wasitoroke na wasizaliane, kwa kuwa kiwavi wa kigeni akitoka nje anaweza kuwa mharibifu wa mazao. Mimea ambayo viwavi hula haipandwi humo kwa makusudi, na kilichobaki ni mimea ya maua ya kunyonya tu. Matokeo yake mtoto huona mwisho wa hadithi bila kuona mwanzo wake. Mwanzo huo mnao Njiro.

Anzeni mwezi wa kumi na mbili, baada ya mvua za vuli, miti inapokuwa na majani machanga. Tafuteni mlimau au mchungwa mdogo ambao haujapuliziwa dawa, mkague machipukizi ya juu jani kwa jani. Mtakuta yai dogo la mviringo, la manjano hafifu, limebandikwa peke yake. Limetagwa na Papilio demodocus, yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano anayekatiza bustanini kwa kasi. Jike hukunja tumbo lake kugusa jani, huacha yai moja, kisha huhamia jani jingine. Kiwavi wake akiwa mdogo ana rangi ya kahawia iliyochanganyika na weupe, na hufanana na kinyesi cha ndege kiasi kwamba wakulima wengi humpita bila kumtambua. Akishajivua ngozi mara kadhaa hugeuka kuwa wa kijani, mnene, mwenye michirizi ya pembeni inayomficha katikati ya majani. Hapo mwambie mwanao mkubwa amguse taratibu nyuma ya kichwa kwa ncha ya kijiti. Atachomoza pembe mbili laini za rangi ya machungwa, zenye harufu kali ya kuudhi, kisha atazirudisha ndani kana kwamba hazikuwapo. Hiyo ndiyo silaha yake dhidi ya sisimizi na maadui wengine, na sijaona bado mtoto aliyeiona mara moja akaisahau.

Kateni kijitawi chenye kiwavi mkubwa, mkiweke katika chupa ya maji iliyozibwa mdomo kwa pamba ili asitumbukie, mkifunike kwa kipande cha neti ya mbu ambayo haina dawa, na mbadilishe majani kila siku. Neti nyingi zinazogawiwa siku hizi zina viuatilifu vya kuua wadudu, na kiwavi wenu atakufa bila ninyi kujua chanzo, kwa hiyo kitambaa cha pazia jepesi ni salama zaidi. Siku ikifika ataacha kula, atatangatanga kidogo, kisha atajifunga kwenye kijiti kwa uzi wa hariri uliopita mgongoni, na kesho yake mtakuta pupa. Muwaandae watoto pia kwa jambo la kusikitisha: wakati mwingine katika pupa hutoka nyigu mdogo badala ya kipepeo, kwa sababu nyigu huyo alitaga ndani ya kiwavi mapema. Mweleze mwanao mdogo ukweli kwamba nyigu naye ana watoto wa kulisha, na kwamba bila nyigu hao mlimau wenu usingebaki na jani.

Mkishalea kiwavi mmoja tu kwa namna hiyo, tiketi ya New York itakuwa na thamani mara mbili. Tuje sasa kwenye siku yenyewe.

Chumba hicho huwa na tiketi yake mbali na kiingilio cha makumbusho, nayo huandikwa saa ya kuingia. Mwambie dada yako aikate mapema na achague saa za mwanzo kabisa za asubuhi, siku ambayo si ya mwisho wa wiki. Vipepeo wengi hupasua pupa asubuhi, na hutafuta chakula kwa bidii saa hizo. Pia kuna suala la jua. Kipepeo hatengenezi joto la kutosha mwilini mwake mwenyewe kama sisi. Misuli ya kifua inayoendesha mabawa haifanyi kazi vizuri mpaka ipate joto, na ndiyo sababu mwezi wa Juni na Julai, Meru inapofunikwa na mawingu, bustani yako ya Njiro inakuwa kama haina kipepeo hata mmoja hadi saa nne au tano, jua linapojitokeza. Chumba kikiwa na kuta au paa la kioo, siku ya mawingu mazito wengi wao hukaa wamefumba mabawa chini ya majani hata kama hewa ni ya joto, na mgeni hutoka akidhani ameibiwa. Kama utabiri wa hali ya hewa unaonyesha siku angavu katika wiki mtakayokuwa huko, ishike siku hiyo.

Kuhusu mavazi nitasema kwa ufupi. Nje mtakuwa na makoti ya baridi, na ndani kuna joto la Tanga mwezi wa pili, kwa hiyo chini ya koti kila mmoja avae nguo nyepesi, na makoti yaachwe mahali pa kutunzia mizigo. Nguo zenye rangi kali kama nyekundu na manjano huwavutia baadhi yao. Lenzi ya kamera au simu iliyotoka kwenye baridi itafunikwa na ukungu mara tu mnapoingia, nayo miwani vivyo hivyo. Msiifute kila mara, iacheni ipate joto kwa dakika kumi na tano ndipo muanze kupiga picha.

Mtapita milango miwili, wa pili haufunguliwi mpaka wa kwanza ufungwe. Mkishaingia, msikimbilie katikati ya chumba. Ulizeni kwanza lilipo kabati la pupa. Ni kabati la kioo ambamo pupa wametundikwa kwa safu kwenye fito, wengine wa kijani kama jani, wengine wa kahawia kama kijiti kikavu, wengine wenye mng'ao wa dhahabu, na hapo ndipo ningewataka mkae nusu ya muda wenu wote. Mtafuteni pupa aliyebadilika rangi na kuwa mweusi kiasi, ambaye mabaka ya mabawa yanaonekana kupitia ganda lake. Huyo yuko karibu. Ganda hupasuka upande wa kichwani, miguu hutangulia, kisha mwili wote hujivuta nje ndani ya dakika chache, ukiwa mnene na umelowa, na mabawa yamekunjamana kama kitenge kilichotoka kukamuliwa. Kipepeo hupanda mpaka apate mahali pa kuning'inia, kisha huanza kusukuma maji ya mwili wake kuingia katika mishipa ya mabawa, nayo hukunjuka taratibu mbele ya macho yenu. Asipopata mahali pa kuning'inia, mabawa hukauka yakiwa yamepinda, na hataruka kamwe.

Kuna mambo mawili madogo katika tukio hilo ambayo wageni wengi huyakosa. La kwanza ni tone la maji mekundu au ya kahawia ambalo kipepeo huyo hulidondosha. Watoto hudhani ni damu, kumbe ni taka zilizokusanyika mwilini wakati alipokuwa pupa. La pili linahitaji macho makini: mrija wake wa kunyonyea hutoka ukiwa nyuzi mbili zilizoachana, na kazi yake ya kwanza duniani ni kuukunja na kuukunjua mara nyingi mpaka nyuzi hizo zishikamane na kuwa mrija mmoja. Akishindwa hapo, hatakula. Mwonyeshe mwanao mkubwa jambo hilo, na umwambie amtazame kipepeo yule yule mpaka mrija uungane. Baada ya muda wa saa moja au zaidi, mabawa yakishakauka, mhudumu humtoa kabatini na kumwachia chumbani, na katika vyumba vingi kazi hiyo hufanywa mbele ya wageni.

Kutoka kabatini nendeni kwenye sahani za matunda. Ndizi zilizoiva kupita kiasi, maembe na machungwa yaliyokatwa huwekwa kwa ajili ya vipepeo wasiopenda maua, na juu yake pengine mtamkuta Morpho peleides wa Amerika ya Kati. Akiwa amekaa amefumba mabawa ni wa kahawia, mwenye madoa ya duara kama macho, na mtoto anaweza kumpita. Akiruka, chumba kinawaka bluu. Bluu hiyo haina rangi ya kupakwa ndani yake hata chembe. Magamba madogo ya bawa yana matuta membamba yaliyopangwa kwa namna ya kurudisha mwanga wa bluu peke yake, na ndiyo maana akibadili pembe ya bawa rangi inazimika na kuwaka tena. Jirani yake kwenye sahani hiyo atakuwa Caligo, kipepeo mkubwa mwenye doa mfano wa jicho la bundi, ambaye mchana hukaa tu na hupendelea kuruka jioni.

Kwenye maua mtafuteni Heliconius, wembamba, weusi wenye michirizi myekundu au ya manjano, wanaoruka polepole bila haraka yoyote. Hawa ni wa pekee kwa sababu hula chavua pamoja na nekta, na chakula hicho chenye protini huwawezesha kuishi miezi kadhaa pale wenzao wanapokufa ndani ya wiki. Tazameni mrija wa mmoja wao kwa karibu: mtaona donge dogo la manjano limeng'ang'ania juu yake. Hiyo ni chavua anayoilowesha na kuisaga. Maua yenyewe huenda mkayatambua, kwani Pentas, yenye vishada vya nyota nyekundu na pinki, ni mmea wa asili ya Afrika Mashariki na umepandwa katika vyumba vingi vya vipepeo duniani.

Kama kuna nondo atlasi ukutani, msimtazame kwa juu juu. Bawa hadi bawa anaweza kufikia sentimita 24, ni mkubwa kuliko sahani ya chai, na hana mdomo unaofanya kazi. Chakula chote alikula akiwa kiwavi. Sasa anaishi kwa mafuta yaliyobaki mwilini, kwa wiki moja hivi, na kazi yake ni kutafuta mwenza tu. Dume lake lina vipapasio vipana kama manyoya, vinavyonusa harufu ya jike kutoka mbali. Hapo watoto watajifunza pia kutofautisha: kipepeo ana vipapasio vyembamba vyenye kifundo mwishoni, nondo kwa kawaida hana kifundo.

Mmoja hamtamwona huko kwa vyovyote, nami namtaja kwa fahari. Papilio sjoestedti ni kipepeo mweusi mwenye mabaka meupe ya krimu anayeishi katika misitu ya milima ya kaskazini mwa Tanzania, Meru na Kilimanjaro ikiwemo, na jina lake ni kumbukumbu ya Yngve Sjöstedt, Mswidi aliyeongoza safari ya utafiti ya mwaka 1905 na 1906 kwenye milima yetu hii miwili. Watu hupita chini yake wakielekea kileleni bila kuinua macho. Mkirudi, nendeni siku moja kumtafuta kwenye msitu wa Meru.

Kuhusu hofu ya mdogo: mwambie kwamba bibi yake hakukosea kumwonya asipikiche macho, lakini unga wa kipepeo haupofushi. Unga huo ni magamba madogo mno yanayolifunika bawa kama vigae vya paa. Ndiyo yanayobeba rangi na kumsaidia kipepeo kuponyoka kwenye utando wa buibui. Hayana sumu. Yakiingia jichoni yanaweza kuwasha kama vumbi jingine, na maji safi yanatosha. Wenye kustahili kuogopwa ni baadhi ya viwavi wenye manyoya, ambao nywele zao huchoma ngozi na zinaweza kuliumiza jicho kweli, na nadhani onyo la bibi lilianzia huko kabla halijahamia kwa kipepeo. Mtoto asilazimishwe kunyoosha mkono. Muacheni asimame kando ya mama yake. Akiona mmoja ametua begani kwa kaka au dada yake na hakuna baya lililotokea, atakuja mwenyewe.

Anayehitaji kulindwa zaidi ni kipepeo. Magamba yakifutika hayaoti tena, na bawa likibanwa kwa vidole linaweza kuchanika. Sheria ni moja: yeye akitua juu yenu ni sawa, lakini ninyi msimshike. Mara nyingi atatua kwenye ngozi yenye jasho, kwa kuwa anatafuta chumvi, na mtahisi mrija ukigusagusa ngozi kama unywele, hauumi. Angalieni pia mnapokanyaga, kwani wengi hutua sakafuni penye maji.

Mtu mwenye moyo mwema huuliza kama si ukatili kuwafungia. Nimelifikiria sana jambo hili, na msimamo wangu ni kwamba chumba kinachotunzwa vizuri, chenye maua halisi, chakula cha kutosha na nafasi ya kuruka, hakimnyang'anyi kipepeo kitu kikubwa. Huko hana ndege wala mjusi wa kumla, na anaishi siku zake zote au karibu zote. Lakini si vyumba vyote viko hivyo. Mkikuta mahali wageni wanaruhusiwa kuwakamata, au mabawa yaliyochanika yametapakaa njiani bila mtu kuokota, ondokeni na muwaeleze wenye nyumba sababu.

Wakati wa kutoka mtasimama kati ya milango miwili mbele ya kioo cha kujitazama. Jigeuzeni wote, kagueni migongo, kofia, mifuko na kigari cha mtoto kama mnacho, kwa maana kipepeo hupenda kujishikiza kwenye nguo, na mkitoka naye hadi barabarani, kwa baridi ya mwezi wa pili hatapona. Msiokote bawa lililoanguka ili kuja nalo nyumbani, hata mtoto akililia. Muombeni mhudumu awaruhusu kulipiga picha.

Onyo la mwisho linahusu pupa wenu wa Njiro. Ikitokea siku ya safari imefika naye hajatoka, rudisheni kijiti chake mlimauni, mahali penye kivuli ambapo kuku hawafiki, na mumuombe baba yao awe anampiga picha kila asubuhi na kuituma kwenye simu. Asiingie kwenye mzigo hata kama mtoto amemficha kwa mapenzi, wala msibebe jani au limau lililotoka kwenye mti huo: forodha ya Marekani huuliza waziwazi kuhusu matunda, mimea na wadudu, na kagueni mabegi ya watoto ninyi wenyewe kabla hamjaondoka kwenda KIA.